Bahasha Isiyo na Namba ya Nyumba

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo! Nimekuachia nafasi hapa uandike marahaba kwa mkono wako mwenyewe: .................... Haya, tumesalimiana. Mimi mzima, ila shingo inaniuma kwa kuangalia juu. Wewe je? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimehama, au bado kimepanga kifuani bila kulipa kodi?

Mjomba, huu mji! Nikuambie nini niache nini? Kuna daraja juu ya daraja, na juu ya hilo la juu watu wanatembea wanapiga soga kama wako kibarazani. Kuna jengo la vioo ambalo mawingu yanapita ndani yake. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Bado sijapoteza, kaka, ndio kwanza nimefika."

Kazi nimeipata! Fundi mkuu wa ghala la baridi aliniuliza cheti kiko wapi. Nikamwambia cheti sina, masikio ninayo. Akanifungia kwenye chumba chenye mashine tano zinanguruma, akasema moja ni mgonjwa, nimtafute. Nilipita na kiganja, mmoja mmoja, kama daktari wa watoto. Wa tatu! Akauliza nani kanifundisha. Nikasema ni friji ya mjomba iliyokufa, niliifungua nikaunguza soketi, mjomba akaniita Kiberiti, ikawa jina. Alicheka, lakini funguo akanipa.

Na unajua tunahifadhi nini mle? Chanjo. Chanjo za watoto wa mji mzima, chumba kimoja! Zinalindwa na baridi, na baridi inalindwa na mimi. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza. Wewe unanijua, mimi kunyamaza ni habari ya kuandikiwa barua.

Sasa lile letu. Mwenye nyumba amesema mwisho wa Julai anabomoa, na nyumba hiyo umeishi tangu kabla sijazaliwa. Tangu mama afariki tuko wawili tu, mimi na wewe. Kwa hiyo natafuta vyumba viwili, mahali mshahara wangu utafika bila kuchechemea, uje tukae. Kwa sasa nalala kwenye kijichumba nyuma ya karakana, ukigeuka unagonga ukuta. Mitaa niliyosikia bei zake zinashikika ni mitatu: mtaa wa ghorofa mpya kule pembezoni, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mtaa wa kando ya reli. Nitaizungukia yote nikuambie.

Wako asiyetulia,
Kiberiti

19 Februari

Kiberiti,

Marahaba. Niliijaza ile nafasi kwa kalamu, vizuri kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba karatasi imebaki kwangu. Basi chukua nyingine hii: marahaba, mama.

Kikohozi kipo, tumezoeana. Mke wa seremala, jirani yetu, amejifungua mapacha, wote wa kike. Wanalia kwa zamu kama walinzi wa benki. Seremala anazunguka na kipimo cha mbao sikioni akidhani ni penseli.

Mimi sijasema nakuja. Nimesema nitafikiria. Usinipangie kitanda kabla sijafikiria.

Lakini kwa vile umetaja mitaa, hapo umegusa kazi yangu. Nimepeleka barua mlango kwa mlango miaka thelathini na moja. Nyumba nzuri ni kitu kimoja, mtaa mzuri ni kitu kingine, na mara nyingi havisalimiani. Nimeona mlango wa mbao ya thamani, barua zimelala chini yake wiki mbili, kumbe mwenyewe amekufa ndani na jirani anamwagilia maua.

Kwa hiyo usiniandikie habari za vigae. Nataka kujua haya. Ukisimama njiapanda na karatasi mkononi, ni mtu wa ngapi anakuuliza unamtafuta nani? Wakikuelekeza, wananyoosha kidole au wanatembea na wewe? Na mtu akitoka amevaa shati nje ndani, kuna atakayemwambia?

Chanjo za mji mzima. Nimemwambia kila mtu hapa. Wengine nimewaambia mara mbili.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii sikuachii nafasi, unaharibu karatasi! Mimi mzima. Wasalimie mapacha, na mwambie seremala penseli iko sikio la pili.

Nimezunguka yote mitatu. Nimebuni njia yangu: kila mtaa naulizia friji mbovu, natengeneza moja bure, maana ukiwa umepiga magoti nyuma ya friji ya mtu unaona maisha yake yote.

Mtaa wa ghorofa. Mjomba, nilipanda lifti! Sakafu inakubeba kimya kimya kama kiganja, mlango unafunguka, na mji mzima uko chini ya miguu yako. Niliona ghala langu, dogo kama kiberiti. Niliona reli, niliona mvua inanyesha upande mmoja wa mji na upande mwingine jua linawaka, vyote kwa wakati mmoja, na mimi katikati ninavitazama bure! Vyumba viwili ghorofa ya sita, vigae (samahani), maji hayakatiki. Ni mbali, ndio maana kodi iko chini. Mama niliyemtengenezea friji alinishukuru kupitia upenyo wa mlango. Njiapanda sikuulizwa kitu. Nilikaa na karatasi yangu mpaka ikalowa.

Mtaa wa sabuni. Unanukia kama shuka iliyoanikwa, mtaa mzima, hata mbwa! Chumba ni kizuri lakini giza. Mtu wa tano aliniuliza, akanyoosha kidole. Kwa nyuma, bila kugeuka.

Mtaa wa reli. Ee, hapo! Sijafika hata njiapanda, fundi viatu kaniita: "We dada, unamtafuta nani?" Nikasema simtafuti mtu, natafuta chumba. "Cha nani?" Changu na cha mjomba. "Mjomba wa kwa mama au wa kujipachika?" Maswali arobaini, Mjomba, akanitazama mpaka chini ya viatu, na shikamoo yangu bado iko mdomoni! Halafu treni ikapita. Nguo zote kwenye kamba zikanyanyuka pamoja kama zinataka kusafiri, vikombe vikacheza, na watu wakanyamaza katikati ya sentensi, treni ilipoisha wakaendelea na neno lile lile. Lakini vyumba vimebanana, na ukuta una ufa unaoweza kupitisha mkono.

Mimi moyo wangu uko ghorofa ya sita. Nataka uuone mji kutoka kule. Dalali anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Sema haraka!

Kiberiti

28 Machi

Kiberiti,

Marahaba kama ulisalimia, na kama hukusalimia chukua tu.

Habari njema hapa: mke wa seremala amejifungua mapacha! Wote wa kike. Wanalia kwa zamu.

Usisaini kitu. Nisikilize kwanza.

Posta walitupa mihuri. Mmoja uliandikwa HAJULIKANI. Barua isiyo na anwani kamili, unagonga muhuri huo, unairudisha ilikotoka, unakwenda zako kunywa chai. Wenzangu walimaliza wino. Mimi wangu niliurudisha siku ya kustaafu mpira wake ukiwa mpya kama ulivyotoka kiwandani. Msimamizi akaniuliza, "Mzee, hukuwahi kukutana na mtu asiyejulikana?" Nikamwambia mtu asiyejulikana hayupo, kuna mtaa usiojua watu.

Sasa nitafanya hivi. Leo nimeandika barua tatu, moja kwa kila mtaa. Juu ya bahasha nimeandika: "Kiberiti, msichana wa friji." Halafu mtaa. Basi. Hakuna namba ya nyumba, hakuna jina la pili, hakuna karakana. Mitaa yote umepita, kote umetengeneza friji, kwa hiyo mashindano ni ya haki. Wewe usiende kuulizia. Kaa. Barua itakayokupata, mtaa wake ndio tutakaouzungumzia.

Usinicheke. Ni mtihani wa kazi, mimi ndiye mtahini.

Mjomba

30 Aprili

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo! Sijambo! Salamu zimeisha, kaa chini!

Jana niko ndani ya mashine mpaka mabegani, nikaitwa getini. Nakuta mtu amevaa aproni ya ngozi, ana bahasha. Fundi viatu wa reli! Amefunga kibanda chake mchana kweupe. Nikasema, "Shikamoo mzee, umenijuaje niko hapa?" Akasema, "Toa mguu." "Eti?" "Mguu wa kushoto, toa." Nikatoa. Akaugeuza kama kwato ya punda, akatazama soli, akasema, "Ndiye. Imekwisha upande wa nje. Chukua barua yako."

Mjomba, hiyo bahasha! Ningekuwa na uwezo ningeikata nikutumie nusu, lakini siiachii. Haina mahali peupe. Mtu wa posta ameandika: "Kiberiti gani? Anayemjua aseme." Chini yake: "Si yule aliyefufua friji ya muuza soda?" Muuza soda: "Ndiye, ila hakai huku. Alitazama vyumba geti la kijani." Mama wa geti la kijani: "Alisema atarudi kunijibu, hakurudi. Ana haraka huyo." Halafu mwalimu mmoja mstaafu wa pale amesahihisha maandishi ya wote kwa kalamu nyekundu, akaandika, "Ameniambia kazini kwake kuna baridi hata Januari. Tafuteni maghala." Dereva wa lori: "Maghala ya baridi ni mawili. La kwanza nimeuliza, hayupo." Wiki tatu, Mjomba! Watu sita, mimi niliwapitia siku moja tu, nikawaaga kwa haraka kama kawaida yangu. Kumbe walibaki na mimi.

Niliingia chumba cha chanjo nikakaa juu ya kreti, nikaisoma hiyo bahasha nje tu, sijaifungua, mpaka vidole vikafa ganzi. Mji mkubwa hivi, na mimi nimo ndani yake!

Nilipoufungua mtihani wako, ndani umeandika mstari mmoja tu: "Ukiipata hii, nitafikiria kwa haraka zaidi." Ndiyo nini sasa? Fikiria basi!

Ya ghorofani na ya sabuni sijaziona. Habari ya ghorofa tutaongea, sitaki kuiandika leo.

Halafu, mapacha wa mke wa seremala: ni wale wale wa Februari, au ameongeza wengine? Maana kama ameongeza, huyo si mke, ni kiwanda.

Kiberiti

14 Juni

Kiberiti,

Marahaba. Najua nimechelewa. Nilikujibu, usidhani sikujibu. Mwezi wa tano nilikaa mezani nikaandika kurasa tatu, nikabandika stempu, nikatumbukiza.

Siku ya tisa mtu wa posta akaniletea barua. Nikafurahi, nikachemsha chai kabisa, nikafungua. Inaanza: "Kiberiti, marahaba." Nikasema loh, mtoto huyu siku hizi anajisalimia mwenyewe. Nikaendelea. Nilisoma ukurasa mzima, mama, nakubaliana na kila neno, nasema huyu amekua, anaandika kwa busara, ndipo nikauona mwandiko. Nilikuwa nimeandika anwani yangu mbele na yako nyuma. Nilijiandikia, nikajipelekea, nikajipokea.

Cheka. Seremala alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka thelathini na moja ya posta, hiyo.

Ile ya ghorofani imerudi, muhuri mwekundu katikati: HAJULIKANI. Umegongwa vizuri, umenyooka, huwezi kuulaumu. Ya sabuni imelala mahali, itafufuka na wengine wote.

Mapacha ni wale wale.

Barua ijayo usiniulize maswali. Niandikie habari za mashine.

Mjomba

23 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, fundi mkuu akageuka. Mara nyingine tatu sikucheka.

Umesema nisiulize, siulizi. Mashine ni nzima. Sasa acha nikuambie nilichoona.

Jumapili nilikwenda relini kushonewa ile soli. Nimekaa kwenye kigoda, mguu mmoja hauna kiatu. Akatokea bibi mmoja mrefu, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, mkononi ana ufunguo ameunyoosha mbele kama tochi. Fundi viatu hakuacha kushona. Akasema, "Bibi Ufunguo, shikamoo, za safari?" Bibi akasema, "Natafuta kwetu." "Kwenu unakujua, mbele kidogo, msalimie muuza soda." Akaenda. Nami nikamfuata nyuma, kiatu kimoja! Muuza soda: "Karibu bibi, kwenu unapita hapa kwangu, shika kushoto." Yule mwalimu akatoka dirishani: "Nyoosha tu, bibi, na koti funga kifungo cha juu." Akafunga. Hakuna aliyemshika mkono, Mjomba. Hakuna aliyemhurumia kwa sauti. Alitembea mwenyewe, kichwa juu, mpaka mlango ukafunguka kabla ufunguo haujafika. Treni ikapita, nguo zikanyanyuka, na mimi nimesimama katikati ya njia, soksi imeloa. Nimeona majengo ya vioo huku, nimeona daraja juu ya daraja, lakini kitu kikubwa hivyo sijaona.

Nikarudi nikamuuliza fundi viatu, kila siku hivi? Akasema, "Siku nyingine mara mbili. Mvua ikinyesha anapumzika. Lete mguu."

Ndipo nikakumbuka swali lako la shati nje ndani. Na mimi nikadhani ni mzaha wa wazee.

Sasa langu. Ghorofa nilisaini, Mjomba. Nilisaini Machi, barua yako haijafika, na ilipofika nikaona aibu kukuambia. Nilitaka upande lifti ufike juu, nikuonyeshe kwa kidole: ona, mtoto uliyemlea amefika hapa. Nilikuwa nachagua mahali pa kukuonyesha, sikuchagua mahali pa kukuweka. Juzi nimekwenda kuvunja mkataba. Dalali alinitukana mpaka akachoka, nikamshukuru, nikaondoka.

Nimechukua vyumba viwili, geti la kijani. Chako kinatazama njia. Ule ufa nimeuziba mwenyewe. Nyumba hiyo inabomolewa mwezi ujao, na mimi sisubiri tena ufikirie. Hutaniambia kitu kama hutaki. Njoo tu, Mjomba.

Kiberiti

9 Julai

Kiberiti, mama yangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Mapacha wameanza kushika vitu. Nimeandika kwenye kikaratasi kwamba habari zao nimeshakupa.

Kuhusu ghorofa, ungeniambia. Ningekugombeza siku moja, ikaisha. Kujua kwamba ulitaka kunionyesha mji kumenitosha, ni kama nimeshapanda.

Wewe umesema lako, ngoja na mimi niseme langu mara moja, kabla halijanitoka.

Mwezi wa tatu nilitoka asubuhi, nikapita njia yangu yote ya zamani ya barua. Mkoba sina, barua sina, miguu inajua. Nikabisha mlango mmoja. Akafungua binti wa watu, mpole tu, akaniuliza, "Unamtafuta nani, mzee?" Nilitafuta jina mfukoni, Kiberiti, kwa mkono, kama kitambulisho. Akaita watu. Hakuna aliyenijua. Mtaa ule nimeupelekea barua za harusi na za misiba, lakini wale waliozipokea wameondoka, waliobaki ni wageni kwangu na mimi kwao. Walinikalisha kwenye ngazi mpaka jioni, seremala alipopita kwa bahati. Nilipokaa pale niliwaza ule muhuri. Nilihisi umenigonga paji la uso.

Ndio maana nilituma barua zile. Nilisema mahali panapoweza kuifikisha bahasha ya ovyo namna hiyo, na mimi patanifikisha. Sikutaka ujue. Nilitaka tu ukae penye watu kama hao, nikija nije, nisipokuja ubaki nao.

Nakuja. Seremala amekataa nisafiri peke yangu, nimebishana naye kwa heshima ya posta, nikashindwa. Tunafika Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, mchana. Nguo ni chache, redio iko moja.

Mwambie fundi viatu nikifika nitamsalimia mara mbili. Mara ya kwanza ni adabu. Mara ya pili aitikie hivyo hivyo, kama hajasikia ya kwanza. Ikifika ya tatu, anaweza kucheka, nami nitacheka naye, hata kama sitajua tunacheka nini.

Mjomba wako